Ufunguo wa Nyumba ya Korongoni

Hapo zamani, nasema zamani, lakini si zile ambazo fisi alikuwa akisalimiana na watu. Ni zamani za karibu, wakati bati lilikuwa bado jipya, na mvua ikianza kunyesha watu walinyamaza ili walisikilize. Sogeeni basi. Mwenye kiu anywe maji sasa, maana nikianza sisimami, na nikisimama mtajibu nyinyi.

Palikuwa na mji wa bara wenye stesheni ya reli, na ndani ya mji huo mtaa ulioitwa Bati Jipya. Nyumba za mtaa ule hazikuwa za tajiri wala za serikali. Zilikuwa za chama. Watu wa kawaida, wapika uji, wachukuzi wa stesheni, washona viatu, waliungana wakafyatua matofali, wakajenga nyumba moja, wakaipangisha. Kodi yake ilikuwa ndogo, na hakuna aliyeitia mfukoni. Kodi ya nyumba ya kwanza ikanunua bati la nyumba ya pili. Kodi ya hizo mbili ikachimba kisima na kuezeka ya tatu. Ikawa hivyo hivyo mpaka mtaa ukafika ukingoni mwa korongo, ukasimama hapo kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kwenda.

Mgeni akipita akiuliza, "Nyumba nzuri hii, mwenyewe ni nani?" mpangaji aliinua kidevu akajibu, "Ni yetu, wala si yangu." Hata mtoto anayejifunza kusema alijua kujibu hivyo.

Na walikuwa na desturi. Mpangaji akihama hakuondoka kimyakimya. Alisimama mlangoni mbele ya wenzake, ameshika ungo wa mtama, na juu ya mtama umelazwa ufunguo. Akasema, "Nimeikuta hivi, naiacha hivi." Kisha akaonyesha kitu alichoiongezea nyumba ile kwa mkono wake: dirisha, au baraza, au rafu ya vyombo, au mpapai. Kitu hicho kiliitwa nyongeza. Wanawake wakapiga vigelegele, na mpangaji mpya akapokea ungo. Na nyongeza ilikuwa na sheria moja tu: haiguswi. Aliyekuja baadaye aliruhusiwa kuongeza, hakuruhusiwa kuondoa wala kubadili. Ndiyo maana kila nyumba ya Bati Jipya ilikuwa na sura ya wote waliowahi kuishi ndani yake, nao walijivunia jambo hilo kuliko mtu anavyojivunia kanzu ya sikukuu.

Sasa nyumba ya mwisho, ile ya ukingoni, ilikaliwa na Mzee Maganga, aliyekuwa fundi wa reli. Alipostaafu akataka kurudi kwao, mwendo wa treni wa siku nzima. Nyongeza yake ilikuwa gata, mfereji wa bati wa kukinga maji ya paa. Alilikunja mwenyewe kwa nyundo, akalitundika nyuma ya nyumba kutoka pembe hadi pembe, na mdomo wake akauchonga mfano wa mamba, akautia meno na macho. Mvua ikinyesha, mamba alitapika maji korongoni kwa kishindo. Watoto walikuja kutoka mitaa mingine kumtazama.

"Nimeikuta haina gata," alisema Mzee Maganga siku ya kuaga, "naiacha ina mamba!" Vigelegele vikapigwa mpaka mkuu wa stesheni akachungulia. Lakini mkono wa kupokea ungo haukuonekana.

Kwa nini? Kwa sababu korongo lilikuwa linakula. Kila masika lilimega udongo, na sasa lilikuwa limekaribia ukuta wa jikoni. Waliokuwa wakingojea nyumba walikuja, wakachungulia nyuma, wakaaga kwa adabu. Mzee Maganga akauweka ufunguo kwa Bi Chausiku, mwenyekiti wa chama, akapanda treni akiwa na huzuni.

Bi Chausiku akaitisha mkutano. Alikuwa mama mzito wa mwili na mwepesi wa kucheka, lakini siku hiyo hakucheka.

"Ndugu zangu, masika yanakuja. Kamati imeona tuivue bati nyumba ya korongoni, tuibomoe kabla haijaanguka yenyewe. Bati litafaa kwingine. Nani ana neno?"

Nyuma kabisa alikuwa amekaa Nyamizi. Nyamizi alikuwa akiuza uji wa ulezi stesheni, na mumewe alikwisha kufariki. Alikuwa na mabinti pacha, Kulwa na Doto. Hakuwa mpangaji wa chama, alikuwa miongoni mwa wanaongojea nyumba. Aliishi kwenye chumba cha mtu mmoja mwenye tabia ya kuwahamisha wapangaji kila alipopata mgeni wa kumpendeza zaidi. Nyamizi alikwisha hamishwa vyumba vingi hata pacha wake hawakufungua tena furushi lao la nguo. Walivuta nguo moja moja kupitia tundu, wakairudisha kwa tundu lile lile. Nyamizi aliliona furushi hilo kila asubuhi, na kila asubuhi lilimchoma kuliko moshi wa kuni.

Akasimama.

"Mama mwenyekiti, nyumba isiyokaliwa hufa upesi. Nipeni niilinde. Nitaikalia, nitawasha moto jikoni, nitatazama ukingo. Ikianguka, nitakuwa nimeanguka nayo."

"Na watoto je, Mama Kulwa?" aliuliza Bi Chausiku.

"Watalala chumba cha mbele, mlangoni kabisa. Mimi nitalala cha nyuma."

Watu wakaguna. Kijana mmoja mwenye mabega mapana akasimama. Huyo alikuwa Mrisho, fundi mwashi. Mrisho alikuwa amejenga nusu ya Bati Jipya, lakini yeye mwenyewe alilala stoo, kati ya koleo na mifuko ya chokaa, na baba yake mzazi, aliyepoteza macho, alikuwa kijijini akingoja mwanawe apate pa kumweka.

"Moto wa jikoni haushikilii udongo," alisema Mrisho. "Nitajenga ukuta wa mawe ukingoni. Mawe yako mtoni. Sitaki ujira."

Akasimama wa tatu, Sikujua. Sikujua aliachika, akarudi kwa kaka yake aliyekuwa mpangaji wa chama, akawa analala ukumbini kwake. Alikuwa na bustani ya mchicha na viazi vitamu kando ya nyumba ya korongoni. Bustani ile ndiyo iliyompa heshima mbele ya wifi yake: asingekuwa nayo, angekula kwa kuhesabiwa matonge.

"Fundi, ukuta wako utasukumwa na maji ya barabara," alisema Sikujua. "Yote yanashuka pale. Yapitisheni katika bustani yangu. Chimbeni mtaro katikati yake, yatoke upande wa pili, penye mwamba. Tena msichimbe nyinyi, nitachimba mwenyewe, mtanikatia viazi vibaya."

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Bi Chausiku akasema, "Haya! Tungoje mpaka masika yaishe. Nyumba ikisimama, tutaipangisha." Mkutano ukafungwa kwa furaha, na katika furaha hiyo wakasahau kusema jambo moja. Hawakusema wataipangisha kwa nani. Watatu wale kila mmoja alirudi kwake akiamini kwamba jambo hilo limekwisha semwa.

Basi Mrisho akajenga, Sikujua akachimba, Nyamizi akakaa.

Mrisho akibeba mawe kutoka mtoni alimkuta Nyamizi jikoni. "Mama Kulwa, kazi yako nzuri, ya kukaa!"

"Karibu tubadilishane, fundi. Njoo ulale chumba cha nyuma, usikilize udongo ukidondoka chini ya kichwa chako."

"La, asante. Mawe hayajanitosha."

Sikujua naye alichimba huku akiimba, lakini jembe lilipofika kwenye viazi wimbo ulikatika. Nyamizi alimwona ameinama, anakiokota kiazi kichanga, anakifuta udongo kama mtoto anayefutwa pua. Akampelekea uji. Wakanywa pamoja.

Na Nyamizi akakaa. Mnafikiri kukaa ni rahisi? Alifagia nyumba isiyo yake. Alipaka udongo ufa wa jikoni, ukafunguka, akaupaka tena. Usiku alilala nguo zake mwilini. Majirani walipopita walimsalimia kwa sauti ya chini, kama kwenye nyumba yenye mgonjwa. Lakini mgeni mmoja alipopita akauliza, "Mwenyewe ni nani?" Nyamizi akaona kidevu chake kimeinuka chenyewe. "Ni yetu," alisema, "wala si yangu." Akaingia ndani akacheka peke yake.

Masika yakaja. Mvua za kwanza zilipita vizuri. Maji ya barabara yaliingia katika mtaro wa Sikujua, yakazoa mchicha na viazi na tuta zima, yakatoka penye mwamba. Wifi yake akamwambia, "Ziba mtaro huo, mwanamke! Utakula mwamba?" Sikujua hakuziba.

Ikaja ile mvua kubwa. Ilianza asubuhi, mchana ikawa haioni wala haisikii. Nyamizi akatoka nyuma ya nyumba amejifunika gunia. Akatazama ukuta wa Mrisho. Ulikuwa imara, lakini nyuma yake, kati ya ukuta na jiko, palikuwa na dimbwi. Maji yalikuwa yakijaa, yakisukuma mawe kwa ndani. Jiwe moja la juu likateleza, likatumbukia korongoni. Nyamizi akainua macho kutafuta maji yanatoka wapi. Hakutafuta sana. Mamba wa Mzee Maganga alikuwa amefumbua kinywa juu ya dimbwi, anatapika maji yote ya paa.

Zamani mamba alitapika korongoni. Sasa kati yake na korongo palikuwa na ukuta, na maji hayakuwa na njia.

Nyamizi akawapeleka pacha kwa jirani, akakimbia matopeni hadi kwa Bi Chausiku. Akamkuta Mrisho naye yuko pale barazani, amekuja kuazima kamba.

"Mama mwenyekiti, ukuta unasukumwa na maji ya gata! Niruhusuni niligeuze, limwage upande wa mtaro."

Bi Chausiku akashika kifua. "Gata ni nyongeza ya Mzee Maganga."

"Najua."

"Nyongeza haiguswi, Mama Kulwa. Leo tukigeuza ya Maganga, kesho mtu atang'oa dirisha la marehemu mama yangu kwa kuwa halimpendezi. Hicho ndicho kinachotutofautisha na wenye nyumba wengine: mtu akiondoka kwetu, mkono wake unabaki. Aulizwe mwenyewe."

"Mwenyewe yuko mwendo wa treni wa siku nzima! Fundi, sema wewe, ukuta utamngoja?"

Mrisho akatazama miguu yake. "Hautamngoja," alisema. Kisha akaongeza polepole, "Lakini mimi siligusi gata la mzee. Alinifundisha kushika nyundo."

Nyamizi akarudi mbio. Njiani alijiambia mambo mawili. La kwanza: nikiligusa gata, watu hawa hawatanipa nyumba. La pili: nisipoligusa, hapatakuwa na nyumba ya kunipa mimi wala mtu mwingine. Alipofika, jiwe la pili lilikuwa limekwisha kwenda.

Akaweka kinu, akakigeuza juu chini, akapanda. Gata lilikuwa limeegemea vigingi vya mbao. Akalisukuma kwa bega upande wa mamba mpaka likainuka, akachomeka mchi chini yake. Akakimbia pembe ya pili, akang'oa kigingi, gata likashuka. Maji yakasita kidogo, kama mtu aliyesahau njia, kisha yakageuka yote kwa pamoja yakaelekea mtaroni. Mtaro uliyapokea, kwa maana ulikuwa umechimbwa kwa kina kirefu na mtu asiyejihurumia. Mamba akabaki ametazama mbinguni, kinywa wazi, anakunywa mvua badala ya kuitapika.

Mvua ikanyesha mpaka ikachoka yenyewe. Ukuta ukasimama. Nyumba ikasimama.

Nawaambieni, mtaa ule ulijivuna! Watu walikuja kutoka upande wa pili wa reli kuitazama nyumba iliyolishinda korongo. Bi Chausiku aliwazungusha wageni mwenyewe, akiwavuta mikono kwa furaha. "Gusa ukuta huu. Gusa! Tazama mtaro. Hakuna tajiri aliyetujengea, wala mkubwa aliyetuletea fundi. Ni sisi." Alipofika kwenye mamba anayetazama mbinguni alikohoa, akapita haraka.

Masika yalipokwisha, siku ya ungo ikawekwa, na Mzee Maganga akaletwa kwa treni, kwa kuwa yeye ndiye mpangaji wa mwisho na ufunguo haukabidhiwi na mwingine. Mtaa mzima ukakusanyika. Mtama ukamwagwa kwenye ungo, ufunguo ukalazwa juu yake. Mzee Maganga akauinua, akauliza, "Haya, nimpe nani?"

Watatu wakapiga hatua mbele. Kisha wakatazamana.

Hapo ndipo Bati Jipya wote walipokumbuka walichokisahau.

"Kila mmoja aseme kwa maneno ya desturi," alisema Bi Chausiku, jasho likimtoka. "Ulikuta nini, unaacha nini. Fundi, anza."

Mrisho akasema: "Nimekuta ukingo, naacha ukuta. Jiwe kwa jiwe, kwa mgongo wangu. Ondoeni ukuta ule, nyumba iko wapi? Imo korongoni. Nimewajengea milango mingi nyinyi, na baba yangu hajawahi kuugusa hata mmoja akasema huu ni wa mwanangu. Nyumba ni yangu kwa kazi."

Watu wakasema, "Kweli!"

Sikujua akasema: "Nimekuta bustani, naacha mtaro. Fundi alitoa mgongo, nao amerudi nao nyumbani. Mimi bustani yangu hairudi. Zibeni mtaro ule, ukuta uko wapi? Uko korongoni pamoja na fundi wake! Niligonga mlango wa kaka yangu nikiwa na mchicha mkononi. Leo nitagonga nikiwa na nini? Nyumba ni yangu kwa nilichopoteza."

Watu wakasema, "Kweli kabisa!"

Nyamizi akasema: "Nimeikuta imehukumiwa, naiacha imesimama. Ukuta wa fundi ni mzuri, mtaro wa dada Sikujua ni mzuri, sivipunguzi. Lakini siku ya mvua ile ukuta ulikuwa unakwenda na mtaro ulikuwa unangoja. Kama nisingekaa, nani angeona? Kama nisingeligusa gata, tungekuwa tumekusanyika hapa kutazama shimo. Nyumba ni yangu kwa kuikalia na kuthubutu."

Hapo watu hawakusema kweli wala uongo. Wakamtazama Mzee Maganga.

"Ameligusa, mzee!" alisema Mrisho, bila ukali. "Mimi ningeligusa pia, kama si heshima."

"Heshima yako ingelala korongoni, fundi," akajibu Nyamizi.

"Na maji yake nyote mngeyaweka wapi, kama si kwenye viazi vyangu?" akasema Sikujua, na watu wakacheka kwa kutojua la kufanya.

Mzee Maganga akaenda nyuma ya nyumba na ungo wake mikononi. Wakamfuata. Akasimama chini ya mamba wake, akalitazama gata kutoka pembe hadi pembe. Nyamizi alimtazama usoni. Alijivunia alichokifanya. Alijua angekifanya tena. Hata hivyo, akamsogelea mzee, akapiga goti.

"Baba, nimeuharibu mkono wako. Nisamehe. Lakini sijutii."

Mzee Maganga akasema, "Nilipojenga gata hili nilijiona nimeiongezea nyumba. Kumbe masika kwa masika nilikuwa nikilisha korongo kwa mdomo huu mzuri. Mwanangu, mimi nimekusamehe. Lakini desturi si yangu peke yangu. Ni yetu, wala si yangu."

Wazee wa kamati wakasema, "Aliyegusa nyongeza hapokei ungo. Tukilegeza leo, Bati Jipya itakuwa mtaa kama mitaa mingine." Wanawake wa kisimani wakasema, "Desturi iliwekwa kuilinda nyumba, nyumba haikujengwa kuilinda desturi." Mafundi wakapiga kelele, "Kazi ilipwe!" Na wakulima wakasema, "Mgongo hupumzika, ardhi iliyozolewa hairudi."

Wakabishana mpaka treni ya jioni ikapiga honi, na Mzee Maganga hakutaka kuikosa. Akarudi mlangoni. Watatu wakasimama mbele yake, kila mmoja amenyoosha mikono, hakuna aliyeinamisha uso, na mtaa mzima ukiwatazama wote watatu kwa fahari moja.

Mimi nimefika hapo, na sitasema zaidi. Ungo uko hewani, mtama unatikisika, mikono ya mzee inachoka, na mlango ni mmoja. Mrisho kwa kazi yake? Sikujua kwa alichopoteza? Au Nyamizi, aliyevunja desturi ya nyumba ili nyumba isivunjike?

Haya, nyinyi mliokaa hapa mkisikiliza: lau ungo ungekuwa mikononi mwenu, je, mngemkabidhi nani?